Riwaya Iliyofungia Matumbo ya Samaki

Nikinusa matumbo ya samaki juu ya karatasi iliyochapwa, hata leo, namkumbuka mwandishi. Wiki iliyopita habari za kifo chake zilizunguka kwenye simu za jamaa zetu wote, na kila mtu alikuwa na neno zuri la kumsindikiza: gwiji, hazina, mtu aliyetufufulia historia yetu. Mimi nilikuwa jikoni, kwenye sinki yupo nguru niliyempasua nusu, nikawa nasoma salamu hizo kwa vidole vyenye utelezi, na kichefuchefu kile kile cha zamani kikanipanda mpaka kooni. Mungu amrehemu. Lakini kinyaa changu sijakimaliza, na sioni kwa nini nikifiche kwa sababu tu mtu amezikwa.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Dubai kabla treni haijafika Qusais mnakumbuka vitabu vya Kiswahili vilivyotufikia. Duka halikuwapo. Vilikuja ndani ya masanduku ya wasafiri kutoka Unguja, vimebanwa katikati ya vileja na pweza mkavu, na ukifungua ukurasa pweza ndiye anayekusalimia kwanza. Mwandishi wetu, maana nyumbani kwetu hakuitwa jina, aliitwa Mwandishi tu kana kwamba hakuna mwingine, alitunga riwaya za upelelezi wa zama za kale. Mpelelezi wake, Karani Faki, alikuwa mshika daftari katika forodha ya mji wa masultani, mtu mwembamba aliyewagundua wauaji kwa pua. Nani ananuka mafuta ya nazi yaliyochacha, nani amepita ghala la papa, nani amejipaka mawardi ili afiche harufu ya damu, yote Karani Faki aliyajua kabla hajavua viatu mlangoni.

Nilimpenda karani yule kuliko watu wengi niliokuwa nikiishi nao. Nilianza kunusa watu. Nilimnusa dereva wa basi la shule, nikamtangazia kwamba amekula kitunguu na amegombana na mkewe, na kwa hilo la pili nilikaribia kushushwa njiani.

Msikilizaji wangu alikuwa Bibi, mama yake Baba. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo mimi nilikuwa macho yake. Kila siku baada ya alasiri alikaa kwenye mkeka chini ya dirisha, kopo lake la tambuu pembeni, nami nikamsomea. Tulikaa Al Twar, ghorofa ya pili, ndege zinatupita juu ya kichwa zikienda kutua, na kila moja ikija Bibi aliinua kidole. "Ngoja ipite, mke mwenzangu," alisema, maana ndivyo alivyoniita kwa utani. Nilinyamaza na kidole changu kwenye mstari mpaka vyombo vya kabatini viache kutetemeka. Nilijifunza kusoma mistari miwili mitatu mbele kimya kimya wakati ndege inapita.

Neno suria nilikutana nalo kwenye kitabu cha pili. Bwana fulani mwenye mashamba alikuwa na masuria watano. Sasa fikirini mtoto anayesoma shule ya Kiarabu Dubai atalielewa vipi neno hilo. Kwetu Suria ilikuwa nchi. Mwalimu wa hesabu alitoka Suria. Jirani yetu wa mlango wa pili, Umm Samir, alitoka Suria, na kila Ramadhani alituletea kibbe, madonge ya nyama na ngano, kwenye sahani yenye maua. Nikaamua kwamba mabwana wa zamani walikuwa wakarimu mno: wamejaza nyumba zao wageni wa kutoka Suria, wamewavisha hariri, wamewapa vyumba vya juu vyenye upepo.

"Bibi, Unguja masuria walikuwa wengi?"

"Wengi."

"Walikuja wenyewe?"

Bibi alitema tambuu ndani ya kopo. "Hawakuja wenyewe. Soma."

Nikafahamu kwamba waliletwa kwa meli, na nikaona ni sawa, Suria ni mbali. Tena nilishawahi kumsikia Bibi akimwambia Mama, kwa sauti ya chini, kwamba bibi yake mzaa mama, Faida, alikuwa suria. Basi raha niliyoipata hamwezi kuijua. Nilikwenda kwa Umm Samir nikamwambia sisi ni jamaa. Aliniuliza bibi yetu alitoka mji gani, Halab au Sham, nikamjibu nitauliza. Akanibusu utosini akaniongeza kibbe mbili. Nikilikumbuka busu lile hata sasa natamani ardhi inimeze.

Kisha Mwandishi akaja Dubai. Alipita tu, anakwenda kumuuguza ndugu yake nchi nyingine, na Baba, aliyefanya kazi kwenye maghala ya mizigo ya uwanja wa ndege na kujuana na kila Mzanzibari anayeshuka, alimwalika chakula cha Ijumaa. Mama alipika wali wa nazi na nguru wawili. Mwandishi alikuwa pande la mtu, kanzu nyeupe inayokwaruza kwa wanga, ananukia udi kama arusi nzima. Nilivuta harufu yake kwa nguvu, kwa kuwa huyu ndiye aliyeibuni pua ya Karani Faki. Chini ya udi palikuwa na harufu nyingine, ya samli iliyokaa. Sikutaka kuijua. Alikula kichwa cha nguru kwa vidole vyote, akalifyonza jicho, akalitoa mdomoni akaliangalia, akalirudisha. Alipomaliza alichokonoa meno, akakiacha kijiti kwenye kisahani. Mimi nilikiiba kijiti kile. Nilikifunga kwenye karatasi laini nikakitia ndani ya mkebe wangu wa penseli, na kwa muda wa mwaka na zaidi nilikwenda nacho shule. Ninawaambieni mjue mapenzi yangu yalifika wapi.

Baada ya wanaume kunawa, Baba aliniita ukumbini nilete vitabu vitiwe saini. Mwandishi aliulowesha ukucha wake kwa ulimi kila alipofunua ukurasa.

"Huyu ndiye msomaji wako mkubwa, Maalim," Baba alisema.

"Ahaa. Na ndani ya vitabu vyangu unampenda nani, binti?"

"Karani Faki," nikasema. "Na masuria."

Ulimi ukasita. "Masuria? Kwa nini?"

"Kwa sababu na sisi tunatokana nao. Bibi yake Bibi alikuwa suria. Akiitwa Faida."

Hapana aliyecheka. Baba aliliangalia zulia kana kwamba ameangusha kitu. "Watoto wa huku, Maalim," alisema, "Kiswahili chao cha kuokoteza." Lakini Mwandishi alikwishatia mkono mfukoni mwa kanzu akatoa kidaftari.

Bibi alikuwa mlangoni, ameshikwa mkono na Mama, anakuja kumsalimia mgeni. Nilidhani atanikemea. Alikaa, akajifunika vizuri, akasema, "Mtoto hakusema uongo."

Akamsimulia. Alisimulia vizuri, kwa sababu alikuwa mbele ya mtu aliyempenda, na nadhani alingoja miaka mingi atokee mtu wa kumwachia jambo hilo. Faida halikuwa jina lake. Alipewa na aliyemnunua, na jina lake la kweli hakulitaja hata siku moja ndani ya nyumba ile. Aliletwa kutoka pande za ziwa Nyasa, mtu mzima, kwao amemwacha mume. Siku aliyopandishwa ghorofani bwana alimnyooshea mkono aubusu, kama ilivyokuwa ada. Faida akauuma. Mkono wa kulia, hapa baina ya gumba na shahada, na hakuachia mpaka watu wanne walipomvuta. Wakamfungia ghala la papa wakavu siku saba.

"Ndiyo maana nyumba yetu hatuli papa mpaka leo," Bibi alisema. "Na yule bwana mpaka anakufa hakuweza kushika kalamu kwa mkono wa kulia. Akitia saini kwa wa kushoto, anahangaika kama mtoto wa chuoni. Faida alizaa naye, maana atakwenda wapi? Lakini kila akimwona anatia saini, alicheka. Mama yangu alikisikia kicheko hicho kwa masikio yake."

Mwandishi aliandika kila kitu. "Johari hii, Bibi," alisema. "Johari."

"Nina sharti moja."

"Sema, Bibi yangu."

"Ukiandika, andika alimuuma. Mengine tia chumvi upendavyo."

Akaweka mkono kifuani. "Neno kwa neno."

Alipoondoka alinifinya shavu, nikalala na shavu hilo bila kulinawa.

Jioni ile Mama aliniita jikoni akafunga mlango. Hakunigombeza. Aliendelea kusugua sufuria huku akinieleza, kwa maneno machache sana, kwamba suria si mtu wa Sham. Ni mtumwa wa kike aliyenunuliwa, bwana wake akamweka kama mke bila ya kumuuliza kama anataka. Nikakumbuka hariri na vyumba vya juu. Nikakumbuka kwamba Karani Faki mwenyewe, kipenzi changu, alikuwa na suria anayemletea kahawa huku akitabasamu, na kwamba tabasamu lile nilikuwa nikilisoma kwa sauti tamu kwa mjukuu wa Faida, alasiri baada ya alasiri. Nilikwenda chooni nikatapika nguru.

Mtaniuliza kama niliacha kusoma. Sikuacha, na kijiti sikukitupa. Nilijipa moyo wa kitoto: Mwandishi alikuwa hajui, alidhani kama nilivyodhani mimi, na sasa Bibi amemwambia. Kitabu kijacho atatengeneza.

Kitabu kijacho kilichukua mwaka na kitu. Bibi alikuwa akiuliza kila msafiri, na mimi nilikuwa nikinusa kila sanduku. Siku kilipofika, Baba alikitia kwenye mfuko wa plastiki akaenda nacho msikitini kuwaonyesha watu, kwa sababu ukurasa wa mbele ulitoa shukrani kwa familia moja ya Dubai iliyomfungulia Mwandishi mlango. Bibi alioga, akavaa kanga mpya, akakaa kwenye mkeka kabla hata haijaadhiniwa alasiri. Macho yake wakati huo hayakuona tena hata kivuli cha mkono. Daktari alikwishasema na miguu ya Bibi inavimba kwa sababu ya moyo. Kila mtu nyumbani alijua kwamba kitabu hiki ndicho Bibi alichokuwa akikisubiri.

Siku tatu za kwanza zilikwenda vizuri. Kuna anayetaka kumuua bwana mwenye mashamba, hajulikani nani atamtilia sumu, Karani Faki ananusa vikombe. Siku ya nne tukafika pale. Faida amepandishwa ghorofani, na ni Faida, jina hakulibadilisha. Ndege ikaja. Bibi akainua kidole, nami kama kawaida nikasoma mistari ya mbele.

Bwana akamnyooshea mkono wake wenye kovu la kuumwa na mbwa wa mawindo. Faida aliinama, akaubusu mkono ule, akalilowesha kovu kwa machozi, akasema, Namshukuru Mungu aliyenileta kwako.

Nilihisi kana kwamba mtu amenitia ulimi wake sikioni. Ukurasa wa pili Faida anacheka kwa raha anapomwona bwana akitia saini. Kicheko kile kile, amekichukua, amekiosha, amekirudisha kikiwa kicheko cha mapenzi. Nikafunua haraka mbele zaidi, na kabla kelele haijaisha nikaona mwisho wake: kahawa ya sumu aliinywa Faida, kwa hiari yake, ili bwana asife, akafa akitabasamu.

Ndege ikapita. Bibi akateremsha kidole. "Haya."

Nikafungua mdomo, na yaliyotoka hayakuwemo kitabuni. "Bwana akamnyooshea mkono," nikasoma. "Faida akainama. Akautia meno. Mkono wa kushoto. Akauma, akauma, mpaka watu wanne wakamvuta."

"Hewaa," Bibi alisema, na akajipiga paja. Nilikuwa sijamwona akijipiga paja tangu macho yalipomzimika. "Kasema kushoto, hakusikiliza vizuri. Ulikuwa wa kulia. Lakini si neno. Kaandika."

Akafungua viganja vyake viwili akamwombea dua Mwandishi, ampe afya, ampe umri mrefu. Na umri akapewa.

Kesho yake Bibi alitaka Mama naye asikie. Mama akaja na sinia ya mchele wa kuchagua, akakaa pembeni. Nilikuwa nimejiandaa, nimejisomea usiku kucha kichwani, tena nilitaka kumfurahisha Bibi zaidi ya jana.

"Faida akainama," nikasoma. "Akautia meno. Mkono wa kulia."

Bibi aliinua kidole. Nikasubiri ndege. Hapakuwa na ndege.

"Jana kilisema kushoto," Bibi alisema.

Mchele wa Mama ukaacha kusikika kwenye sinia.

"Kitabu hakijisahihishi, mke mwenzangu. Soma kilichoandikwa."

"Bibi..."

"Soma. Nisikie mwenyewe."

Nikasoma. Nilisoma kovu la mbwa, nikasoma busu, nikasoma machozi na shukrani, na kicheko, na kurasa zote sita mpaka mlango wa chumba cha bwana ulipofungwa. Ndege mbili zilipita na Bibi hakuinua kidole, nikasoma ndani ya kelele. Nililia kwa hasira na kamasi zikanifika mdomoni. Nilipomaliza Bibi aliuliza swali moja.

"Aliubusu?"

"Ndiyo, Bibi."

Alivuta kopo, akatema, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga yake mpya. Baba alikuwa ameingia kutoka kazini, amesikia nusu, naye kwa kutaka kumtuliza akasema, "Mama, riwaya ina uhuru wake. Mwandishi haandiki kama anayeapa kwa kadhi."

"Basi angetumia jina la bibi yake," Bibi alisema.

Baba akaenda kuvua viatu. Bibi akamgeukia Mama. "Nguru yule umeshamsafisha?"

"Bado. Yumo kwenye sinki."

"Matumbo yake usiyatie kwenye gazeti. Mtoto atakuletea karatasi."

Niliufahamu mpango mara moja. Lakini Bibi alikuwa na kanuni yake, na wengi wenu mlilelewa nayo: magazeti ya Kiarabu hayaguswi na uchafu nyumbani, huenda ndani yake limo jina la Mungu. Tulifungia takataka kwenye magazeti ya Kiingereza peke yake. Hata siku ile hakuisahau.

"Angalia kwanza. Jina la Mungu limo?"

Nikaangalia. "Limo mara moja. Pale anaposhukuru."

"Likate hilo, liweke pazuri. Kisha zilizobaki lete."

Nilichukua mkasi wa shule ndani ya mkebe wangu. Nilikata neno hilo, kipande kidogo kuliko ukucha, nikakitia katikati ya kurasa za mwanzo. Kisha nikazing'oa kurasa zote sita, karatasi tatu, nikaenda jikoni. Mama alizitandaza ubaoni, akayatoa matumbo ya nguru kwa kiganja, akayaweka juu ya busu. Damu ilipita kwenye herufi upesi. Nyongo ilipasuka, maneno yakageuka manjano. Nilikumbuka kijiti, nikakikimbilia, nikakifungua kutoka kwenye karatasi yake laini. Kilikuwa bado na kitu cheupe kwenye ncha. Nikakitupia juu ya matumbo, Mama akafunga fundo. Nilinawa mikono mara tano na bado nikajinusa.

Bibi hakuomba tena kusomewa kitabu kile, na kabla ya Ramadhani iliyofuata moyo wake ukasimama. Mwandishi alituma salamu za rambirambi nzuri sana, Baba amezihifadhi. Sijui kama nimemsamehe. Nafsi yangu sijaisamehe kabisa, kwa sababu mdomo uliompa Mwandishi habari za Faida ulikuwa wangu, na kwa sababu kuna usiku ninapougua bado najikuta nimetoa kitabu cha Karani Faki, nacheka mahali pale pale, halafu naona aibu kama mtu aliyefumaniwa anakula jalalani.

Jana binamu yangu wa Qusais aliniandikia. Wanataka kufanya kisomo cha kumkumbuka marehemu, kitabu kile hakipatikani popote, na wote wanajua ninacho. Nilimpelekea. Jioni ilikuja picha ya mahali palipong'olewa, na chini yake kijikaratasi chenye neno moja, Mungu, juu ya kiganja chake.

"Dada, kurasa hizi ziko wapi? Na hiki ni kitu gani?"

Nikamwambia zilifungia matumbo ya samaki, na hicho akirudishe kilipokuwa.

"Basi unakumbuka ziliandikwa nini? Nataka nisome sehemu ya Faida mbele ya watu."

"Nakumbuka neno kwa neno," nikamjibu, na nikamwandikia: Bwana akamnyooshea mkono. Faida akainama, akautia meno mkono wa kulia, hapa baina ya gumba na shahada, na hakuachia.